Jigi ya kupimia bodi za chaji kontrola, kwa pespeksi na pini za springi

Bodi moja ikija mezani, mita na mikono miwili vinatosha kuipima. Zikija ishirini, mambo hubadilika: ncha ya mita inateleza, inagusanisha miguu miwili ya IC (chipu), na bodi iliyoletwa na ubovu mdogo inaondoka imekufa kabisa. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na pesa kuanza kuzunguka vijijini, kontrola za sola za 12 V, yaani vifaa vinavyosimamia chaji ya betri kutoka kwenye paneli, zilizokuwa zimetupwa uvunguni hupelekwa kwa mafundi wa Mtwara na Lindi kufufuliwa. Fundi anayezipokea kwa boksi anahitaji jigi, yaani kifaa cha kulazia bodi ambacho, kifuniko kikibanwa, sehemu zote za kupimia zinagusana na nyaya zake kwa mpigo mmoja.

Hapa tunajenga jigi ya pini 14 kwa bodi ya kontrola ya PWM (inayosimamia chaji kwa kuiwasha na kuizima haraka) ya 10 A, yenye ukubwa wa mm 90 kwa 60 hivi. Njia ni ileile kwa bodi ya taa au ya mizani ya kidijitali; kinachobadilika ni idadi ya pini na mahali zinapokaa. Jigi ni kazi ya useremala kabla ya kuwa kazi ya umeme. Waya ukikosewa unauhamisha kwa dakika tano, lakini shimo likikosewa unatafuta bamba jingine.

Pini

Pini za springi, yaani pini zenye ncha inayobonyea na kurudi, zinajulikana kwa namba. P50 ina mwili wa mm 0.68, P75 mm 1.02, P100 mm 1.36. Chukua P75. P50 hupinda ukiigusa vibaya tu, na P100 inataka umbali wa mm 2.54 kutoka pini hadi pini, wakati P75 inatosheka na mm 1.91. Kila pini inunuliwe pamoja na soketi yake, R75, ambayo ni kijibomba cha mm 1.32 kinachobaki kwenye bamba siku zote. Waya unachomwa kwa lehemu kwenye soketi. Pini inachomekwa ndani yake na kuchomolewa ikichakaa. Wapo wanaoruka soketi kubana matumizi na kuchoma waya kwenye pini yenyewe. Joto linalegeza springi, lehemu inapanda ndani, na pini inakwama ikiwa imezama. Huo si ubanaji matumizi.

Usitegemee kuzikuta kwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Agiza Kariakoo au mtandaoni zije na basi. Kwa jigi ya pini 14 nunua pini 30 na soketi 20.

Herufi inayofuata namba inaeleza kichwa cha pini, na hapo ndipo wengi huagiza ovyo. B ni ncha ya mkuki: inapenya utando wa flaksi (dawa ya kuchomea inayobaki juu ya lehemu) kwenye pedi bapa. Q ni taji la meno manne, na A ni kikombe; zote mbili zinashika mguu wa kifaa uliotokeza upande wa lehemu. E ni koni pana ya kukaa kwenye tundu. D ni duara, kwa pedi safi zilizopakwa dhahabu, na hizo hutaziona kwenye kontrola za bei nafuu. Kwa bodi zetu chukua B za kutosha pedi bapa na Q kwa miguu. Ukiweka B juu ya mguu uliotokeza itateleza pembeni, itapinda, na utailaumu bodi bure.

P75 ya kawaida husukuma kwa nguvu ya gramu 100 hivi ikibonyezwa theluthi mbili ya safari yake. Safari nzima ni mm 2.65, kwa hiyo lenga mm 1.7 hadi 1.8. Pini 14 zinasukuma bodi juu kwa kilo 1.4. Si nyingi kwa mkono, ila ni nyingi kwa bodi ya unene wa mm 1.6 ikibanwa mahali pasipofaa. Inapinda, na kapasita ndogo za kauri zinapasuka bila kuonekana.

Mabamba

Vinatakiwa vipande vitatu vya pespeksi (plastiki ngumu angavu) ya mm 5, kila kimoja mm 220 kwa 130. Watengeneza mabango huwa na mabaki ya ukubwa huo. MDF (ubao wa unga wa mbao) ni rahisi zaidi kutoboa, lakini kwa pwani yetu haifai: mvua za Desemba hadi Aprili na unyevu wa bahari vinaivimbisha, na mashimo yaliyokuwa sawa Oktoba yanakuwa yamehama ikifika Februari. Pespeksi ina faida nyingine, kwamba taa za LED za bodi zinaonekana kifuniko kikiwa kimefungwa.

Mabamba mawili ni ya pini. Yanakaa moja juu ya jingine kwa pengo la mm 5, ili soketi ishikwe sehemu mbili na isimame wima. Bamba moja pekee huacha pini ziyumbe. Pima soketi zako kabla ya kuamua pengo: mkia lazima utokeze angalau mm 3 chini ya bamba la pili, la sivyo hutapata pa kuchomea waya. Bamba la tatu ni kifuniko.

Ramani ya mashimo

Kama una faili la bodi, chapisha safu ya chini kwa skeli ya asilimia 100. Kama huna, na kwa kontrola za dukani hutakuwa nalo, laza bodi kwenye skana, upande wa lehemu ukitazama kioo, na uisome kwa 600 dpi. Kata kwanza miguu mirefu, kwa sababu skana nyembamba za siku hizi hazioni vizuri kitu kilichoinuka hata mm 2 kutoka kwenye kioo. Za zamani zilizo nene zinaona zaidi.

Sasa sikiliza vizuri. Picha ya skana inaonyesha bodi kama inavyotazamwa kutoka chini. Wewe utatoboa bamba ukilitazama kutoka juu, na bodi italala juu yake uso wa lehemu ukiangalia chini. Kwa hiyo picha lazima igeuzwe kushoto kulia kabla ya kuchapishwa. Usipoigeuza, utapata jigi nzuri sana ya bodi isiyokuwepo duniani. Hakiki hivi: weka karatasi mezani, weka bodi juu yake uso wa lehemu chini, na uangalie kama matundu ya skrubu na pembe zake vinalingana.

Chora pia mstari wa mm 100 kwa urefu na mwingine kwa upana kwenye faili hilohilo, kisha uipime karatasi kwa rula ya chuma baada ya kuchapisha. Ukienda steshenari, mwambie mhusika azime ile sehemu ya kufananisha picha na ukubwa wa karatasi. Ikipunguza asilimia 3 tu, kwenye bodi ya mm 90 mwisho wa ramani unakosea kwa mm 2.7, na hakuna pedi itakayokusamehe kiasi hicho.

Weka alama kwenye sehemu 14. Kwa kontrola yetu: PV (paneli ya sola) hasi pini 2, betri chanya 2, betri hasi 2, mzigo hasi 2, hizo 8 zinabeba mkondo. Kisha pini 3 za kupimia volti tu, kwenye betri chanya, betri hasi na mzigo hasi. Tatu za mwisho ni za 5 V, geti ya mosfeti ya chaji na geti ya mosfeti ya mzigo (mosfeti ni transista inayotumika kama swichi, na geti ni mguu wake wa kuiamuru). Pale penye uchaguzi, chukua pedi yenye kipenyo cha mm 2 au zaidi. Kwa drili ya mkono huwezi kuahidi usahihi ulio bora kuliko mm 0.3, na bado kuna uchezaji wa pini na wa bodi yenyewe.

Kutoboa

Bana mabamba mawili ya pini pamoja, gundisha karatasi juu, na uyatoboe kwa pamoja. Usiyatoboe moja moja. Dondoa kila alama kwa ncha kali ili biti isitangetange, anza na biti ya mm 0.8, malizia na ya mm 1.3. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka: soketi iingie kwa kusukumwa, isidondoke yenyewe. Ikigoma kabisa, panda hadi 1.35.

Pespeksi haipendi haraka. Biti ikizunguka mfululizo plastiki inayeyuka, inaishika na kuikata. Shuka kidogo, inua, futa unga, tia tone la maji ya sabuni, shuka tena. Weka ubao chini ili shimo lisipasuke upande wa kutokea. Kama drili yako ni ya mkono, tumia biti za chuma za kawaida. Zile za kabaidi hukatika kwa mtikisiko mdogo wa pembeni na zinafaa drili ya stendi peke yake.

Kabla hujayaachanisha mabamba, toboa pia matundu mawili ya vigingi vya kuongozea bodi, yanayolingana na matundu ya skrubu yaliyo kwenye pembe mbili zinazokabiliana, pamoja na matundu manne ya bolti za M4 za kuunganisha mabamba.

Vigingi na viti

Tundu la skrubu la M3 kwenye bodi huwa na mm 3.2. Kigingi bora kuliko vyote ni shina la biti iliyovunjika ya mm 3: ni mviringo kamili, kigumu, na kila karakana ina mabaki hayo. Chonga ncha yake iwe butu ya mviringo. Kigingi cha pili kipunguze kwa msasa hadi mm 2.8 hivi, kwa sababu vigingi viwili vinene vitaing'ang'ania bodi pale mashimo yako yatakapokuwa yamekosea kidogo. Vyote viwili vitokeze juu kuliko ncha za pini kwa angalau mm 3, ili bodi iwe imeshapata njia yake kabla ya kugusa pini yoyote.

Chini ya bodi weka viti vinne, karibu na pembe, ambavyo vinaisimamisha kwenye kina sahihi. Tuseme ncha za pini zimesimama mm 8 juu ya bamba. Kiti kiwe mm 6.3, pini zibonyee mm 1.7. Kimo hicho kinapatikana bila lathe: nati mbili za M3 (2.4 kila moja) na washa tatu za 0.5. Washa ya juu iwe ya nailoni, chuma kisije kikagusa njia za shaba.

Hapo kuna mtego. Pini iliyo chini ya mguu uliotokeza mm 1.5 haibonyei 1.7, inabonyea 3.2, na safari yake yote ni 2.65. Inagonga mwisho, inainua bodi kutoka kwenye viti, na pini za jirani zinakosa mguso. Kwa hiyo miguu ikatwe ibaki mm 0.8 au pungufu, au soketi za sehemu hizo zizamishwe mm 1 zaidi ya nyingine.

Kifuniko

Bawaba mbili nyuma na klempu ya mkono mbele. Fundi wengi hufunga bawaba moja kwa moja kwenye bamba, na ndipo bodi inapoburuzwa mbele kila kifuniko kinaposhuka. Mhimili wa bawaba unatakiwa uwe sawasawa na kimo cha uso wa juu wa bodi iliyobanwa. Hapo vidole vya kifuniko vinamalizia safari vikishuka wima. Inua bawaba kwa kipande cha mbao hadi ufike kimo hicho. Bodi nayo iwe mbali nayo: pini ya karibu kabisa iwe mm 80 au zaidi kutoka kwenye mhimili.

Vidole vya kukandamiza viwe vinne, kila kimoja juu kabisa ya kiti chake, na viwili vingine katikati pasipo na kifaa, karibu na pini za mkondo. Spesa za nailoni zinafaa. Mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji yanafaa zaidi: mti ule ni mzito, hauchakai nchani wala hauvimbi ovyo, na ukishapigwa msasa unateleza kama pembe. Vaa barakoa unapoupiga msasa, vumbi lake linawasha ngozi na pua. Kidole kisiguse koili wala kapasita refu. Toboa kifuniko pale panapohitajika ili kapasita ipite.

Hakiki kwa karatasi ya kaboni

Kabla ya waya wowote, bandika karatasi nyeupe upande wa lehemu wa bodi, weka kipande cha kaboni chini yake, wino ukitazama bodi, na ufunge kifuniko mara moja. Fungua uangalie nukta, ukizilinganisha na picha ya pedi. Zikihama zote upande mmoja, sogeza vigingi. Zikitawanyika kadiri zinavyokwenda mbali na katikati, karatasi ilichapishwa kwa skeli mbaya. Zikihama kila moja kivyake, drili ilitangatanga. Nukta zikiwa si nukta bali vistari, bodi inaburuzwa, na dawa iko kwenye kimo cha bawaba.

Nyaya na ulinzi

Chomoa pini zote, choma waya kwenye mikia ya soketi, zipoe, ndipo urudishe pini. Pini za mkondo zipate waya wa 0.75 mm², nyingine waya wowote laini wa nyuzi nyingi. Waya wa nyuzi moja kutoka kwenye kebo ya mtandao unakatika shingoni baada ya kuchezeshwa, kwa hiyo ukiutumia ufunge usitikisike.

Kwa nini pini za kupimia zitenganishwe na za mkondo? Mguso wa pini moja unaweza kuwa na milioomu 50. Taa ya 10 W inavuta 0.83 A, na mkondo huo kwenye pini moja unapoteza karibu 0.04 V kwa kila upande. Ukipima volti kwenye waya uleule unaopeleka mkondo, kontrola inayokata sawasawa itaonekana imekosea kwa 0.08 V. Pini ya kupimia haibebi mkondo, kwa hiyo haipotezi kitu.

Umeme wa betri unatoka kwenye pawa saplai ya kurekebisha volti, unapita fyuzi ya 2 A, kisha taa ya indiketa ya bodaboda ya 12 V 10 W iliyofungwa kwa mfululizo, yenye swichi ya kuiruka. Bodi ikiwa na shoti, taa inawaka kabisa na mkondo unabaki karibu 0.83 A, hakuna kinachoungua. Swichi ndogo ya mlango kutoka kwenye printa mbovu ikae chini ya kifuniko na iendeshe relei ya 12 V yenye daiodi ya 1N4007 kinyume kwenye koili yake. Umeme usifike kwenye pini mpaka kifuniko kifungwe. Bodi ikilazwa juu ya pini zenye umeme, inaungua kwa kuteleza tu.

Kuna jambo linalowasumbua hata waliozoea. Kontrola nyingi za PWM za bei nafuu zina chanya moja kwa wote: PV, betri na mzigo vinashiriki chanya, na mosfeti zinakata upande wa hasi. Ukiunganisha hasi ya PV na hasi ya betri popote nje ya bodi, umeiruka mosfeti, na bodi itaonekana inachaji daima hata ikiwa mbovu. Chaja nyingi za laptop zenye plagi ya pini tatu zimeunganisha hasi na ardhi. Moja ukiitumia kama PV hakuna neno, mradi pawa saplai ya betri isiwe imeunganishwa na ardhi pia.

Mpangilio wa vipimo

1. Bila umeme, pima omu kati ya betri chanya na hasi. Thamani ya kulinganisha itoke kwenye bodi nzima unazozijua, si kichwani.
2. Washa 12.6 V kupitia taa. Taa isiwake. Soma mkondo, kisha iruke taa.
3. Pima 5 V. Kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa.
4. Mzigo wa 10 W ukiwa umeunganishwa, shusha volti taratibu. Kontrola nyingi za aina hii hukata kwenye 10.7 V na kurudisha 12.6 V, fuata karatasi ya modeli yako.
5. Leta PV: chaja ya 19 V kupitia rezista ya omu 22 ya 10 W, inayopitisha kama 0.3 A. Panda hadi chaji ikatike, mara nyingi 13.7 V.

Kipimo cha tano kina sharti lake. Pawa saplai haijui kupokea mkondo, kwa hiyo chaji ikiingia volti inapanda yenyewe na bodi inakata mapema. Weka taa ya 12 V 21 W sambamba na betri kwa kipimo hiki tu; inakula zaidi ya 1.7 A, mara kadhaa ya kinacholetwa na PV. Hakikisha fyuzi na pawa saplai vinaubeba mkondo huo.

Jigi inapodanganya

Bodi ikifeli, fungua, ilaze upya, pima tena. Ikipita mara ya pili, ubovu uko kwenye mguso. Chanzo cha kwanza ni flaksi: sugua upande wa lehemu kwa mswaki na alkoholi ya isopropili kabla ya kupima. Ncha za pini nazo zisafishwe kwa mswaki mkavu kila baada ya bodi chache. Usizitie mafuta ya cherehani wala grisi. Zinakusanya vumbi, na springi inakuwa nzito.

Pini moja ikianza kufeli kwenye bodi nyingi mfululizo, ibonyeze kwa ukucha pamoja na jirani yake. Inayorudi polepole ichomolewe, uweke mpya. Kama ni mpya na bado inafeli, soketi imelegea kwenye bamba. Tone la epoksi chini, lisilofika mdomoni, linaimaliza kazi hiyo. Hewa ya chumvi hula springi za jigi iliyoachwa wazi mezani, kwa hiyo ikikaa bila kazi iwekwe kwenye boksi lenye mfuniko pamoja na pakiti za kukausha unyevu. Ndani ya boksi hilo weka pia bodi moja nzima na moja mbovu zenye alama, na upime zote mbili kila asubuhi kabla ya kugusa kazi ya mteja.